Siku Tano za Boquerón

Juni 1

Redio imetangaza asubuhi kwamba msimu wa vimbunga umefunguliwa. Kabla sijamaliza kahawa, mdogo wangu Lissette naye kafungua wake: kundi la WhatsApp linaloitwa "Krismasi Kisiwani". Ndani tuko watatu. Yeye yuko Connecticut, mdogo wetu wa mwisho Beto yuko Orlando, na mimi Nereida niko nilipo siku zote, Jayuya, milimani katikati ya Puerto Rico, mimi na Mama.

Wanakuja likizo Desemba, wote pamoja na watoto wao. Lissette tayari kauliza vitanda ni vingapi, godoro la chumba cha nyuma likoje, na kama paa bado linavuja. Beto yeye katuma sauti: "Dada Nere, malkia wangu, wali wako wa mbaazi mpaka nauota!" Nimeisikiliza mara mbili. Huyu mtoto anajua kunituliza roho.

Nimempa Mama habari. Akasema, "Basi hata kwenye Ahadi watakuwepo."

Juni 4

Beto alipokuwa na miaka miwili, homa ilimshika hadi daktari akakunja mikono. Mama akapiga magoti mbele ya Wafalme Watatu, mamajusi wa Krismasi, wale wa mti waliochongwa na babu yake, akawaahidi: mtoto huyu akipona, kila mkesha wa sikukuu yao, tarehe tano Januari, mlango wa nyumba hii utakuwa wazi, wataimbiwa, na kila atakayeingia atakula. Beto akapona, akakua, akahama. Ahadi ikabaki, na sufuria zikabaki kwangu. Inayokuja ni ya hamsini.

Sasa nina wazo, na naliandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Wakija wote wawili, kwa nini Ahadi isibebwe na wao? Na kwa nini mimi nisiondoke?

Zamani, nilipokuwa mpishi wa shule, tulikwenda matembezi ya siku moja Boquerón, kule pwani ya magharibi. Mbele ya nyumba ndogo ya wageni palikuwa na kitanda cha bembea, na ndani yake mwanamke wa makamo kalala mchana kweupe, mdomo wazi, kiatu kimoja kimeanguka. Wenzangu walicheka. Mimi nilimwonea wivu, na wivu huo haujaniisha. Tangu Mama avunjike nyonga sijalala usiku mmoja bila sikio moja kuwa macho.

Siku tano tu. Sitaki zaidi.

Juni 5

Nimepiga simu. Nyumba ile bado ipo. Mwenyewe anaitwa Bi Minerva, ana sauti ya mtu anayekula huku anaongea.

"Kuanzia tarehe mbili Januari hadi saba. Watu wangapi?"

"Mmoja."

"Na mume?"

"Mmoja, mama. Mtu mmoja."

"Heri yako," akasema, na akaandika jina langu.

Juni 11

Umeme umekatika mchana, umerudi jioni. Insulini ya Mama nimeipeleka kwenye barafu kwa jirani yetu Awilda. Wao wana jenereta.

Juni 23

Mkesha wa Mtakatifu Yohana. Kisiwa kizima kiko baharini, watu wanajitupa majini kinyumenyume ili mikosi iwatoke. Mimi nilimwogesha Mama, na maji ya mwisho ya ndoo nikajimwagia kichwani.

"Umejimwagia kwa mbele," Mama akasema. "Haihesabiki."

Julai 8

Lissette katuma jedwali. Kila siku ya likizo ina mstari wake: nani alale wapi, nani aoge saa ngapi, siku gani tunakuna ndizi na magimbi ya pasteles za kufunga kwa majani ya mgomba, siku gani nguruwe anachomwa. Amenipangia mimi kupika siku nane. Hakuniuliza. Nimeandika "sawa".

Ni tabia yake tangu utotoni. Tukicheza mwalimu, mwalimu ni yeye. Na tangu aingie kwenye kanisa lake la kilokole huko Connecticut, na sketi zake ndefu, ndiyo hashikiki kabisa.

Beto kaandika: "Dada Nere asichoke jamani, huyo ni lulu yetu." Halafu kapotea, kama kawaida yake.

Julai 19

Joto. Mama kalala vibaya, na mimi pia.

Agosti 14

Kahawa imeanza kuiva mapema upande wa jua. Toño, mume wa Awilda, kaja kuchuma miti yetu michache, nusu yake nusu yetu. Alikuwa anapiga mluzi wa nyimbo za Wafalme, na hii ni Agosti tu. Nikamwambia anaharibu msimu.

"Nachezesha vidole, Nere. Ya hamsini hii! Gitaa nimelitia nyuzi mpya."

Sikumwambia kwamba sitakuwepo. Nilijiona mwizi kwenye shamba langu mwenyewe.

Septemba 17

Tufani linakuja, bado halijapewa cheo cha kimbunga. Nimejaza ndoo, mapipa na sufuria zote, hata zile kubwa za Ahadi. Nimefunga madirisha. Lissette kapiga simu mara sita: betri? mishumaa? dawa za Mama za wiki mbili? barafu? gari lina mafuta? Mara ya sita nilimkatia. Maji yamenifika shingoni, na yeye ananiuliza kama nina maji.

Beto katuma picha ya mikono inayoomba.

Septemba 21

Sasa naweza kuandika. Upepo haukuwa mkali, lakini mvua ilinyesha kama mtu aliyesahau kufunga bomba. Mlima ulishuka barabarani mahali pawili. Paa la chumba cha nyuma, lile lile ambalo Lissette aliliuliza Juni, lilifunguka kwenye kona, na maji yakaingia mpaka kwenye kitanda cha Mama. Nilimbeba. Sijui niliwezaje, maana si mwepesi na mimi si kijana. Nilimketisha jikoni, nikamfunga shuka, na nikasikia mgongo wangu ukitoa sauti.

"Wafalme," akasema. "Wachukue Wafalme."

Nikarudi ndani ya maji kuwafuata Wafalme. Nilikuwa na hasira hadi nikawaambia kwa sauti: nyinyi ni wa Beto, mimi mnanitakia nini? Nikawaweka juu ya jokofu lililozima. Mama akawahesabu.

Siku ya tatu Toño na wenzake walifungua barabara kwa majembe. Simu iliporudi, kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Beto, analia, ananiita shujaa. Kwa Lissette hakukuwa na sauti. Kulikuwa na ujumbe mmoja: fundi wa paa kutoka Ponce anakuja Alhamisi, jina lake hili, namba yake hii, mpe kahawa tu, mengine yamekwisha.

Nilimsikiliza Beto nikalia naye. Ujumbe wa Lissette niliujibu "sawa".

Septemba 30

Umeme bado. Barafu ya Awilda ndiyo inayomweka Mama hai.

Oktoba 3

Umeme umerudi. Kijiji kizima kilipiga kelele kwa pamoja. Nilikaa mbele ya feni, sikufanya kazi yoyote mpaka Mama akaniita.

Oktoba 20

Tumezungumza kwa simu, wote watatu na Mama, kuhusu Ahadi. Desturi ya simu zetu ni ile ile: wanaanza kwa kuomba baraka, Mama anawabariki, halafu tunagombana.

"Mama, niseme ukweli," Lissette akasema. "Kupika nitapika. Lakini kusimama mbele ya sanamu na kuziimbia, siwezi. Imani yangu hairuhusu. Usinichukie."

"Zamani ulikuwa unaimba sauti ya pili," Mama akasema. "Watu walikuwa wanatoka kijiji cha Coabey kuja kukusikiliza."

"Zamani, Mama."

"Mimi nitaimba ya kwanza, ya pili na ya tatu!" Beto akadakia. "Ahadi ni yangu au si yangu? Mama, mwaka huu pumzika, mwanao yupo!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka, kwa sababu zangu. Niliona bahari kabisa.

Usiku nimemwambia Awilda kuhusu Boquerón. Yeye tu.

"Nenda," akasema. "Nenda kabla hawajakuuliza soksi zao ziko wapi."

Novemba 6

Leo siwezi kulala, kwa hiyo naandika.

Tiketi zimenunuliwa. Beto kazituma kwenye kundi akiwa na furaha tele, na vipicha vya ndege, mitende na vikombe. Wanafika tarehe ishirini Desemba. Wanaondoka tarehe tatu Januari.

Nilisoma mara tatu. Tarehe tatu! Mtu aliyezaliwa kisiwani hapa, aliyekuwa akikata majani na kuyaweka chini ya kitanda kwa ajili ya ngamia wa Wafalme, anawezaje kuhesabu likizo yake hadi tarehe tatu? Huko waliko Krismasi inaisha mwaka ukigeuka, miti inatupwa nje, watoto wanarudi shule. Wameishi huko hadi wameanza kuhesabu kama watu wa huko. Kaskazini tarehe sita Januari ni Jumatatu tu.

Halafu nikaelewa. Nani anapanga kila kitu katika familia hii? Nani mwenye jedwali? Nani aliyesema waziwazi kwamba hawezi kusimama mbele ya sanamu? Kajitafutia mlango wa kutokea. Kapanga ndege iondoke siku mbili kabla, na kumbeba Beto maskini ndani yake, ili asilazimike kukataa mbele ya watu. Na mimi nabaki na sufuria. Kama kawaida.

Nilimpigia. Nilimwambia mambo ambayo sikujua kwamba ninayo. Kwamba ametutupa. Kwamba Mungu wake wa kilokole amemfundisha kukwepa mama yake. Kwamba akija na sketi zake asinipangie jikoni mwangu hata kijiko. Nilikuwa nasikia anapumua. Mwishoni akasema tu, "Umemaliza, Nere?" na sauti yake ilikuwa ya kuchoka, kama yangu. Nikakata.

Sijamwambia Mama tarehe hizo. Na Boquerón sitakwenda, si ndiyo? Siwezi kumwacha Mama peke yake na Ahadi ya hamsini. Kesho nitampigia Bi Minerva nifute.

Novemba 7

Nimepiga. Niliposikia sauti yake nikashindwa.

"Ile ya mtu mmoja?" akasema. "Nimeshakuchagulia chumba chenye upepo."

Nikamwambia huenda nisifike. Akasema atakiweka hadi mwisho wa Desemba, atanipigia kuhakikisha. Nilimshukuru nikaenda kufua.

Novemba 8

Kundi kimya.

Novemba 12

Kundi kimya. Kahawa ya mwisho mwisho. Mvua kila alasiri.

Novemba 24

Beto kampigia Mama, simu iko kwenye kipaza sauti mezani, mimi nachambua mbaazi. Mama, hana dogo, akamuuliza, "Mnaondoka lini?" Beto akajikaanga mwenyewe. Akasema tarehe tatu, akasema kazi, akasema watoto. Akasema ndege za baada ya hapo zinajaa.

"Na Lissette amekubali?" Mama akauliza.

"Lissette alitaka tarehe nane, Mama, alinisumbua wiki nzima. Mimi ndiye nilimwambia hapana. Kwani Wafalme hawawezi kuimbiwa mapema kidogo? Tarehe mbili, kwa mfano?"

Mbaazi zilinimwagika.

Mama hakukasirika. Alimuuliza kama watoto wake wanakula vizuri, akambariki, akazima. Kisha akaniambia, "Okota hizo kabla kuku hajaingia."

Kwa hiyo ni Beto. Aliyeombewa mwenyewe ndiye aliyesahau, au hakusahau, sijui lipi baya zaidi. Na Lissette alinisikiliza nikimtukana mpaka mwisho, asimtaje mdogo wake.

Novemba 25

Nimemwandikia Lissette: "Nilikosea. Nisamehe." Kajibu: "Godoro la chumba cha nyuma lilikauka?"

Desemba 20

Wamefika. Magari mawili ya kukodi, watoto hawajui Kihispania zaidi ya kuomba maji. Mlangoni Beto alimnyanyua Mama na kiti chake, kila mtu akapiga makofi. Lissette aliingia nyuma na mifuko, akaenda moja kwa moja kugusa paa la chumba cha nyuma kwa kiganja.

Desemba 22

Pasteles. Lissette kakuna, mimi nimepaka na kujaza nyama, mkewe Beto kafunga kamba vibaya kisha kafundishwa. Beto alikaa mlangoni na bia akisimulia jinsi anavyokumbuka kila harufu ya nyumba hii. Anasimulia vizuri mno. Watoto walimsikiliza mdomo wazi.

"Beto," Lissette akasema, "lete majani ya mgomba."

"Nakuja, nakuja."

Lissette akaenda kuyaleta mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu kidogo, mkunio ulikuwa umemla. Nikampa kitambaa. Hatukuongea kuhusu Novemba.

Desemba 25

Nguruwe, wali, kelele. Mama alikunywa kikombe cha maziwa ya nazi yenye ramu na akamlazimisha Lissette anuse tu. "Kunusa si dhambi," alimwambia. Lissette alinusa, tukacheka. Vyombo nimeosha mimi. Yeye kafuta.

Desemba 27

Nimechoka kuliko nilivyokuwa peke yangu.

Desemba 29

Hii ni ndefu.

Nilikuwa bafuni namwogesha Mama. Simu yangu ilikuwa jikoni, ikalia, Lissette akapokea. Nilipotoka na taulo mabegani alikuwa amesimama katikati ya jiko na simu mkononi.

"Bi Minerva wa Boquerón anauliza kama mtu mmoja bado anakuja tarehe mbili," akasema. "Nani ni mtu mmoja?"

Nilitaka kusema uongo. Nilikuwa nao tayari, kwamba ni rafiki, kwamba ni kosa. Lakini nilikuwa nimelowa hadi viwiko, na mgongo ulikuwa unaniuma pale pale pa Septemba.

"Mimi," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Juni. Nilifikiri mtakuwepo. Nilifikiri mtabeba Ahadi, na mimi nilale siku tano. Basi. Nimeshafuta."

"Hujafuta. Amesema chumba chenye upepo."

"Nitafuta."

"Kwa nini hukusema, Nere? Nimekuuliza kila kitu. Vitanda, betri, barafu. Kila kitu nimeuliza!"

"Mimi hukuniulizia."

Akaketi. Lissette hakai jikoni, mchana kutwa yuko wima, lakini aliketi kwenye kile kigoda cha kukunia na sketi yake ikaburuta sakafuni.

"Mimi nikiwa kule," akasema polepole, "siwezi kukushikia Mama hata dakika moja. Kwa hiyo nauliza barafu. Unadhani sijui kwamba nakuudhi? Najua. Nikikata simu mume wangu huniambia, umeshamchosha dada yako tena. Lakini nifanye nini? Nikae kimya kama Beto nitume mikono inayoomba?"

Nilikuwa nimemwona mkubwa, mwenye amri. Sasa nilimwona mtu anayetembea kwenye sebule yake Connecticut wakati wa tufani, na simu mkononi, akitafuta swali jingine la kuuliza.

Beto akatokea mlangoni. "Warembo wangu mnalia nini?"

"Beto," Lissette akasema, "unaweza kubaki mpaka Ahadi?"

Alikuna kichwa. Alituangalia kwa zamu, na nilimwona kweli anatamani kuwa mtu wa kusema ndiyo. "Bosi wangu..." akaanza. Hakumaliza. Lissette alikuwa ameshafungua simu yake.

"Mimi nabadilisha yangu," akasema. "Nabaki mpaka tarehe nane. Watoto wataondoka na baba yao."

"Lissette, imani yako," nikasema.

"Sanamu siziimbii. Nimeshasema, na sitasema mara mbili. Lakini wali naupika, watu nawapakulia, na mama yangu namvalisha. Hakuna andiko linalonikataza kupika wali." Akanikazia macho. "Na wewe ukinipigia simu ukiwa huko kuniuliza kama nimeweka chumvi, sipokei."

Kutoka bafuni Mama akapaza sauti, "Nyinyi watoto, mimi nipo uchi huku nawasikia! Kama mmekwisha kupatana mje mnivalishe."

Januari 2

Nimefika. Nimeandika dawa zote kwenye karatasi kabla ya kuondoka, Lissette kaniambia amekuwa akizijua tangu Juni. Mama nilimuomba baraka. Alinishika uso kwa mikono yote miwili.

"Nitarudi tarehe saba," nikamwambia.

"Ondoka kwanza," akasema.

Bahari ipo. Chumba kina upepo. Nimekaa kitandani na viatu miguuni.

Januari 3

Nimeamka saa kumi alfajiri kumgeuza Mama. Hayupo. Nilikaa na mikono mapajani. Kitanda cha bembea kipo barazani kama zamani, nikajilaza, nikasikia ananiita, nikashuka. Mara nne.

Nimepiga nyumbani. Lissette hakupokea, kama alivyoapa. Akapokea Mama. Beto ameondoka. Amelia mlangoni, kweli amelia, akamwambia Mama amsamehe kuhusu Wafalme.

"Nawe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, niliomba uishi. Sikuwaambia Wafalme uishi wapi." Akaongeza, "Ni mtoto mzuri, Nere. Ila ni wa kutazamwa tu. Sasa kata simu, dada yako ananitolea macho."

Januari 4

Nimetembea ufukweni. Nimekula samaki aliyepikwa na mtu mwingine. Usingizi hauji.

Januari 5

Leo nimeshindwa kujizuia. Jua lilipokuwa linazama nilijua kabisa saa hiyo kinachotendeka: Awilda anapanga viti, Toño anakaza nyuzi, kundi la kwanza linapanda kilima na taa. Nilipiga. Nikasema moyoni, nitamuuliza kuhusu chumvi, anitukane, niridhike.

Mtu alipokea, sijui nani, hakusema kitu. Nadhani simu iliguswa tu kwenye meza ikafunguka. Nikasikia nyumba yetu. Vyombo, watoto wa Awilda, gitaa la Toño na nyuzi zake mpya. Mama akaanzisha wimbo wa kuwapokea Wafalme kwa ile sauti yake nyembamba iliyobaki, na watu wakaitikia.

Halafu, chini ya sauti ya Mama, ikaja nyingine. Mwanzoni ilikuwa kama mtu anayeguna wimbo huku anafanya kazi, mtu anayekoroga sufuria na hajui kwamba anaguna. Sauti ya pili. Sijaisikia tangu nikiwa msichana. Ilipanda pole pole, ikaacha kuguna, ikaanza maneno, na watu wakanyamaza mmoja mmoja wakawaachia wao wawili.

Nilifunika mdomo. Wimbo ulipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Nikasikia Mama anauliza, bila kugeuka nadhani, maana alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wali umeungua?"

"Haujaungua, Mama," Lissette akasema. "Endelea."

Nikakata simu. Ameimba au hakuimba, hilo ni lake na Mungu wake. Mimi sitamuuliza kamwe.

Januari 6

Sikukuu ya Wafalme. Baada ya chakula cha mchana nilijilaza kwenye kitanda cha bembea nipumzike kidogo.

Bi Minerva ndiye aliyeniamsha, giza likiwa limeingia, akiwa na kiatu changu kimoja mkononi. Anasema wapita njia wamekuwa wakinicheka tangu mchana. Mdomo ulikuwa wazi.